Andalio la Somo: Baiskeli Yenye Theluji na Sakafu Isiyotaka Maji

Mada: Kulinda sakafu ya chumba dhidi ya baiskeli iliyotoka kwenye theluji
Walengwa: Wanafunzi wanaojiandaa kwenda kusoma semesta moja nchi za baridi
Zana: Brashi, trei mbili au turubai, matambara mawili makavu, ufagio laini
Lengo mahsusi: Kufikia mwisho wa somo, msomaji aweze kuingiza baiskeli yenye theluji kwenye chumba cha kupanga, na siku ya kuondoka arudishiwe dhamana yake yote.

Utangulizi

Bwenini kwetu sakafu ikichafuka unafanya nini? Jibu mnalo wote. Unatoa viatu nje, unapandisha mabegi kitandani, unamwaga ndoo ya maji ya sabuni, unasugua kwa ufagio wa chelewa, kisha unasukuma maji yote mlangoni mpaka yaishie kwenye mfereji. Saruji haina kinyongo. Baada ya saa moja imekauka na wewe umeshasahau.

Mwaka jana nilikuwa kwenye semesta ya kubadilishana wanafunzi huko Oulu, kaskazini mwa Finland. Kila siku nilienda kwa baiskeli kwenye shule niliyokuwa nafanya mazoezi ya kufundisha, na kila jioni niliiegesha ndani, nyuma ya mlango. Kufikia Februari sakafu ya pale ilikuwa na madoa meupe ya chumvi na mchanga mweusi. Jumamosi moja nikaona aibu. Nikajaza ndoo, nikamwaga, nikasugua kama nilivyofundishwa nyumbani. Pakang'aa kweli. Jumatatu asubuhi nikakanyaga nikahisi kitu kimeinuka: maungio ya zile mbao yalikuwa yamevimba kama kurasa za daftari lililonyeshewa. Nikasubiri yakauke yarudi. Hayakurudi mpaka leo.

Siku ya kukabidhi chumba, mkaguzi alipita na tochi, akainama, akapapasa yale maungio kwa kidole, akaandika. Tulikatwa robo ya dhamana. Nasema "tulikatwa" kwa sababu tulikuwa wawili. Mwenzangu wa chumbani, kijana kutoka Nepal, hakuwa hata na baiskeli, lakini mkataba ulikuwa wa wote wawili na makato yakagawanywa sawa kwa sawa. Hakusema neno. Nilimrudishia fungu lake kwa awamu mbili kutoka kwenye posho yangu, na nakuhakikishia ni bora angenigombeza.

Kwa hiyo somo hili nimelilipia ada. Ninyi lichukueni bure.

Swali la kwanza: lazima iingie?

Mtu akisikia theluji anadhani baiskeli hufungiwa mpaka jua lirudi. Oulu sivyo. Mji una mamia ya kilomita za njia za baiskeli, na theluji ikianguka magari ya kusafisha hupita mapema ili watu waende kazini na shuleni. Mkutano wa kimataifa wa uendeshaji baiskeli wakati wa baridi ulianzia hapohapo Oulu mwaka 2013. Watoto wa shule ya msingi wanaendesha, wazee wanaendesha. Usipokuwa na baiskeli utategemea basi, na nauli ya kule ukiibadilisha kwa shilingi unaweza kuamua kutembea.

Majengo mengi ya makazi yana stoo ya baiskeli chini, na pia kuna vibanda vya nje. Hapo ndipo mahali pake pa kwanza. Na sababu siyo sakafu tu. Baiskeli inayokaa kwenye baridi muda wote, theluji yake inabaki kavu kama unga. Unaipangusa na kuondoka. Ile inayoingizwa kwenye joto la nyuzi 21, theluji inayeyuka, maji yanapenya ndani ya waya za breki, ndani ya friwili na ndani ya kufuli. Kesho asubuhi ukiitoa nje kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, maji yale yanaganda palepale yalipojificha. Unakanyaga pedeli, tairi haizunguki. Unabana breki, hairudi.

Kwa hiyo kanuni ni hii: ama ikae kwenye baridi moja kwa moja, ama iingie na ikauke kabisa. Kuiingiza nusu saa kisha kuitoa ikiwa bado mbichi ndiko kunakoharibu baiskeli na sakafu kwa pamoja.

Lakini stoo hujaa. Vibanda huibiwa. Mnyororo unahitaji matengenezo, na huwezi kushika spana nje vidole vikiwa vimekufa ganzi. Ipo siku itaingia tu. Tujiandae kwa siku hiyo.

Angalizo moja kabla hatujaendelea: usiiache kwenye ngazi wala korido. Hizo ni njia za watu kukimbilia moto ukitokea, na kuweka vitu pale hairuhusiwi.

Maarifa mapya (1): Nini kinaingia na baiskeli?

Tunadhani ni maji. Ni vitu vitatu.

*Maji.* Theluji kilo moja ikiyeyuka inatoa maji lita moja. Haipungui. Inaonekana nyingi kwa sababu imejaa hewa, ikiyeyuka inaonekana kidogo, lakini uzito ni uleule. Sasa angalia inapojificha: kati ya tairi na madigadi, chini ya fremu karibu na pedeli, kwenye breki, juu ya keria, chini ya siti. Ikiwa baiskeli imebeba kilo mbili, jua kwamba umeingiza chupa kubwa nne za nusu lita na kuzimimina polepole sakafuni wakati wewe umelala.

*Kokoto.* Ili watu wasiteleze, Finland hunyunyizia mawe yaliyosagwa vipande vidogo kwenye njia zenye barafu. Vipande hivi hunasa kwenye meno ya tairi. Mawe ya namna hii mara nyingi yana kwatzi, ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ina namba 7, wakati kioo cha dirisha kiko kati ya 5 na 6. Kama inaweza kukwaruza kioo, vanishi ya sakafu ni nini? Ukipangusa sakafu yenye kokoto kwa tambara, hujasafisha, umepiga msasa.

*Chumvi.* Kwenye barabara kuu humwagwa chumvi kwa sababu inashusha kiwango cha nyuzi ambacho maji huganda. Chumvi ya kawaida ina mwisho wake: chini ya takriban nyuzi 21 chini ya sifuri haiyeyushi tena, ndiyo maana sehemu zenye baridi kali hutegemea kokoto zaidi. Chumvi ikishaingia ndani na maji yakakauka, yenyewe inabaki: madoa meupe. Aina nyingine, kloridi ya kalsiamu, huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo doa lake linaweza kubaki na umajimaji hata ukidhani limekauka.

Zingatia hapa kitu ambacho mimi nilikielewa kinyume. Nilidhani siku ya baridi kali ndiyo mbaya. Hapana. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri theluji ni kavu, ukiigonga inaanguka yote. Siku mbaya kwa sakafu ni ile "nzuri", ya karibu na nyuzi sifuri, theluji ikiwa rojorojo. Hiyo inashika kama ugali kwenye mwiko na kubeba kila uchafu wa barabarani. Ukiona watu wamefungua zipu za makoti, andaa trei.

Maarifa mapya (2): Unakanyaga sakafu gani?

Siku ya kupokea funguo, kabla hujafungua begi, inama uiangalie sakafu. Piga picha kila kona, hasa nyuma ya mlango. Kisha itambue.

*Lamineti.* Hii ndiyo iliyonipata. Kwa macho ni mbao, lakini mbao ile ni picha. Ilibuniwa Sweden na kampuni ya Perstorp mwaka 1977. Juu kuna tabaka gumu la kinga, chini yake karatasi yenye picha ya mbao, na chini yake moyo wake: nyuzi za mbao zilizosagwa na kugandamizwa. Juu inavumilia sana. Matone ukiyafuta mapema hayafanyi kitu. Udhaifu uko kwenye maungio. Maji yakitulia yanashuka kwenye ufa, zile nyuzi zinayanywa na kufura, na zikishafura hazirudi. Hakuna kupiga pasi, hakuna kuweka kitabu kizito juu. Nimejaribu vyote viwili.

*Mbao halisi.* Inavimba kwa upana ikilowa. Ikinywa maji upande mmoja kuliko mwingine, kingo zinainuka ubao unakuwa kama mtumbwi. Faida yake ni kwamba fundi anaweza kuisugua upya. Hasara ni bili ya fundi.

*Zulia la plastiki.* Hili maji hayapiti juu yake, yanapita pembeni na kwenye maungio. Adui zake ni kokoto na, amini usiamini, mpira. Kemikali zilizomo kwenye mpira mweusi huhamia taratibu kwenye plastiki na kuacha doa la njano au kahawia ambalo sabuni haliliwezi. Kwa hiyo usiegeshe tairi juu yake moja kwa moja kwa wiki nzima, na usiweke mkeka wa mpira ukidhani unalinda.

*Linoleamu.* Wengi huidhani ni plastiki, kumbe imetengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa mbao au kizibo juu ya kitambaa cha juti. Aliibuni Mwingereza Frederick Walton katika miaka ya 1860, na bado ipo kwenye majengo mengi ya umma. Haipendi maji yanayotuama wala sabuni kali.

*Vigae.* Hivi ndivyo ndugu wa saruji yetu. Tatizo lake ni utelezi tu.

Ukishindwa kutambua, ichukulie kama lamineti. Hutajuta.

Hatua za utendaji

*Hatua ya 1: Nje (dakika tatu).* Kazi kubwa inafanyika hapa. Inua baiskeli kiganja kimoja kutoka ardhini uiachie idunde, mara mbili tatu kwa kila tairi. Gonga madigadi kwa kiganja. Kisha piga brashi kuanzia juu kwenda chini: siti, keria, fremu, breki, mwisho ringi na spoki. Zungusha tairi ukipitisha brashi juu yake ili kokoto zitoke. Brashi ya vyombo iliyochoka inatosha kabisa. Kila gramu inayobaki nje ni gramu usiyoifuta ndani.

*Hatua ya 2: Mlangoni.* Usiisukume. Ibebe. Tairi ikizunguka ndani inachora mstari wa tope kutoka mlangoni mpaka inapoegeshwa. Kama huwezi kuibeba, funga tambara kwenye kila tairi kwanza. Na viatu vyako vibaki palepale mlangoni. Finland hakuna anayeingia nyumbani na viatu.

*Hatua ya 3: Kituo.* Maji hayazuiliki, yanapangiwa pa kwenda. Trei mbili za plastiki zenye kingo, moja kila tairi, zinafanya kazi vizuri. Piga hesabu: trei ya sentimita 60 kwa 40 yenye kingo za sentimita 2 inabeba lita 4.8. Lakini trei hazikingi matone ya katikati, chini ya pedeli, ambapo mafuta ya mnyororo nayo yanadondoka. Kama huna hela ya trei, tafuta turubai la mita 2 kwa mita 1. Viringisha magazeti yawe kama fimbo, yaweke kwenye kingo zote nne, kunja turubai juu yake na ubane kwa gundi ya utepe. Hata kina cha sentimita moja tu kwenye eneo hilo ni lita 20, yaani ndoo nzima. Hiyo ndiyo niliyotumia Machi na Aprili, baada ya akili kunirudia.

Kadibodi na mataulo peke yake ni mtego. Vinanyonya, kweli, lakini kisha vinashikilia unyevu dhidi ya sakafu usiku kucha huku juu ukiona pakavu. Viweke ndani ya trei, sio badala ya trei.

Chumba kikiwa kidogo, baiskeli inaweza kusimama wima kwa tairi la nyuma, ikiegemea ukutani na kufungwa isianguke. Maji mengi yatashuka sehemu moja, hivyo trei moja inatosha, ila weka plastiki ukutani pia.

*Hatua ya 4: Dakika thelathini baadaye.* Usilale. Rudi, futa fremu na ringi kwa tambara kavu, mwaga maji ya trei chooni. Kokoto zilizobaki chini ya trei zitupe kwenye taka, zisizibe bomba. Pangusa mnyororo na uweke tone la mafuta, maana chumvi na chuma vikikutana joto likiwepo, kutu haichelewi.

*Hatua ya 5: Sakafu.* Mpangilio usibadilike: fagia kwanza, futa baadaye. Kokoto zikishaisha, chukua tambara lililokamuliwa mpaka halidondoshi tone, futa, suuza, kamua, futa tena. Chumvi inayeyuka kwenye maji ya kawaida yenye uvuguvugu. Haihitaji dawa kali, inahitaji marudio. Malizia na tambara kavu. Ndoo ibaki bafuni.

Chumba nilichokuwa nacho muda wote

Neno "bafuni" ndilo lililonifanya nijicheke. Bafu za nyumba nyingi za Finland zina sakafu yenye kinga ya maji chini yake, mteremko mdogo na tundu la kutolea maji katikati au pembeni. Na ukutani huning'inia fimbo yenye ubapa wa mpira ya kusukumia maji kuelekea kwenye tundu. Yaani ndani ya nyumba ileile iliyokataa ndoo yangu kulikuwa na chumba kimoja chenye tabia za bweni letu: mwaga, sugua, sukuma. Baiskeli yangu ingeingia ikisimamishwa wima. Niliipita mara kumi kwa siku nikienda kupiga mswaki.

Kama bafu lako linatosha na mwenzako ameridhia, hapo ndipo pa kuyeyushia theluji. Weka trei chini ya mnyororo ili mafuta yasiingie bombani, na usipige maji ya moto kwenye friwili na ekseli, yataosha grisi.

Wenyeji wenyewe walishalitatua hili kwa watoto. Kwenye shule za chekechea niliona chumba cha kwanza baada ya mlango wa nje, chenye sakafu ya kuoshwa, ndoano za kutundika nguo na kabati la kukaushia. Mtoto akitoka kuchezea theluji anavulia pale, kila kitu kinabaki pale, anaingia darasani na soksi kavu. Chumba hicho kinaitwa *kuraeteinen*. Sehemu ya pili ya neno ni ukumbi wa kuingilia. Sehemu ya kwanza, *kura*, kwa Kifini ni matope. Wagombea wetu wa serikali ya wanafunzi wafikirie wenyewe.

Watoto wale hawakuambiwa wasilowe. Walilowa kila siku. Walichofundishwa ni mahali pa kuuacha uchafu kabla ya kuingia. Mimi niliyekwenda kufundisha nilipita kwenye chumba kile miezi miwili bila kuona kwamba lilikuwa somo langu.

Tathmini

Jibu bila kurudi nyuma kusoma:

1. Nje ni nyuzi 1 juu ya sifuri, theluji ni rojorojo. Jana ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Siku ipi inahitaji trei kubwa zaidi, na kwa nini?
2. Mwenzako ameweka mkeka wa mpira mweusi juu ya zulia la plastiki ili kulilinda. Utamshauri nini?
3. Sakafu ina kokoto na madoa meupe. Taja mpangilio sahihi wa kazi, na kosa litakalotokea ukiubadilisha.
4. Baiskeli ni yako peke yako, mkataba wa chumba ni wa watu wawili. Kabla ya theluji ya kwanza kuanguka, utazungumza nini na mwenzako?

Swali la nne halina majibu nyuma ya kitabu, na ndilo ningeanza nalo. Mnapoingia chumbani, kubalianeni baiskeli itakaa wapi, nani atamwaga trei, na sakafu ikiharibika nani analipa. Mazungumzo ya dakika tano yangetosha. Mimi niliyafanya Mei, kwa njia ya kumtumia mtu hela.

Kazi ya nyumbani: Nenda kwenye chumba unacholala leo. Inama. Taja sakafu imetengenezwa kwa nini, na maji yakimwagika yatakwenda wapi. Ukiweza kujibu hapa, kule pia utaweza.